Toa jiko ndani ya hilo banda, na huko juu usizibe

Dadangu wa Ruthimitu, kama huyo fundi hujamlipa, msimamishe leo. Umeandika hapa kwenye kundi letu kwamba vifaranga 200 wanafika mwisho wa Juni, kwamba Jumamosi banda litazungushiwa nailoni kuanzia chini hadi kwenye mabati pasipite hata upepo kidogo, kwamba ndani mtaweka majiko mawili ya makaa, na kwamba kijana wa kazi atalala humo humo ili aongeze makaa usiku. Moyo umenienda mbio. Banda unaloeleza ndilo nililolijenga mimi hapa Uthiru, magharibi ya Nairobi, nailoni ile ile, majiko yale yale, msimu huu huu wa baridi.

Vifaranga wangu hawakuuawa na baridi. Walikufa wakiwa na joto la kutosha. Asubuhi ile kipimajoto kilisoma nyuzi 33, ambazo ndizo kifaranga wa wiki ya kwanza anazotaka, na zaidi ya nusu yao walikuwa wamelala chini, mabawa wazi, wametawanyika kama waliosinzia. Kifaranga aliyeshikwa na baridi hafi hivyo. Hao utawakuta wamerundikana pembeni, wa chini wamekanyagwa na wa juu. Wangu hawakurundikana hata kidogo. Na kijana aliyekuwa akiwalinda, mtoto wa watu niliyeletewa na mamake mzazi, tulimkuta mlangoni anatapika, kichwa kinamgonga, miguu haimshiki. Aliamshwa na haja ndogo, akatoka nje. Hicho ndicho kilichomwokoa. Angepitiliza usingizi hadi alfajiri ningempelekea mamake habari gani? Hasara ya vifaranga na chakula niliilipa ikaisha. Swali hilo bado ninalo.

Makaa yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Ukiivuta inang'ang'ania damu kuliko oksijeni, basi damu inazunguka mwilini bila kubeba uhai. Ndiyo maana kila msimu wa baridi tunasikia hapa Nairobi watu wamekutwa hawaamki ndani ya chumba kilichofungwa, jiko liko katikati. Na ndege huathirika mapema kuliko sisi. Wachimba makaa ya mawe kule Uingereza walikuwa wakishuka mgodini na kanari kwenye tundu kwa sababu hiyo: ndege akianguka, watu wanakimbia. Wewe unataka kuweka ndege 200 na mtoto wa mtu pamoja, halafu ufunge mlango.

Aliyeniambia nizibe ni yule yule aliyeniuzia vifaranga. Alisimama bandani kwangu akaonyesha kwa kidole kila upenyo: hapa ziba, na hapa, na hapo juu usisahau. Nilipomuuliza kuhusu moshi akasema, "Washa jiko nje, moshi ukiisha na makaa yawe mekundu, ndipo uingize." Nakasirika hadi leo, kwa sababu naona mchangiaji mmoja hapa juu amekupa ushauri huo huo na watu wamempongeza. Moshi na kaboni monoksidi ni vitu viwili. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kutoa hiyo gesi usiku kucha. Moshi afadhali, ungekutoa machozi ukafungua mlango. Mtu anayeuza vifaranga kwa mamia kila wiki hana ruhusa ya kutojua jambo hili.

Wa pili aliyeniponza ni yule wa agroveti, duka la dawa na vyakula vya mifugo. Nilikwenda nikitetemeka, nikamweleza, na bila kuniuliza banda lina madirisha mangapi akanifungia dawa za antibayotiki, glukosi na vitamini, akasema ni homa ya mapafu. Waliobaki wakanywa dawa za ugonjwa ambao hawakuwa nao, na jiko likaendelea kuwaka. Kilichonisaidia ni kubeba mizoga mibichi hadi maabara ya mifugo Kabete. Daktari akampasua mmoja, damu ikawa nyekundu angavu kupita kawaida, akainua macho akaniuliza: "Unatumia jiko?" Kuanzia siku hiyo kifaranga akifa bila sababu ninayoiona kwa macho, napita agroveti bila kusimama, naenda Kabete kwanza. Kutoka Ruthimitu si mbali, na mzoga upelekwe siku hiyo hiyo kabla haujaoza.

Kwa hiyo ukisahau mengine yote, shika hili: ziba chini, juu pabaki wazi. Upepo unaomuumiza kifaranga ni ule unaopita chini, kwenye kimo chake. Ule unaopita juu ya kichwa chako hausumbui mtu, tena ndio unaobeba gesi, mvuke na harufu kwenda nje. Mwambie fundi aanzishe nailoni au magunia sakafuni aishie kifuani kwako, na akaze zaidi upande unaopuliza baridi. Kisha chini ya mabati aache nafasi ya futi moja, pande mbili zinazotazamana, aweke wavu wa kuku basi. Nafasi hiyo haifungwi usiku, haifungwi kwa manyunyu, haifungwi hata shemeji akija kukuambia unawaua watoto kwa baridi.

Najua unachoogopa. Huku kwetu magharibi ya jiji tuko kwenye mita 1,800 hivi, jua linapotea kwa siku nzima nyuma ya mawingu, na usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 11 au hata chini yake. Lakini si lazima upashe joto banda zima. Mpashe joto kifaranga. Tengeneza duara la hadbodi lenye urefu wa futi moja na nusu kwenda juu, upana wa mita mbili na robo hivi kwa hao 200. Mwaga maranda makavu ya kutosha chini, ninginiza taa za joto katikati, halafu funika sehemu tu ya duara kwa gunia, mbali na taa lisije likashika moto. Pembeni pawe na ubaridi kidogo ili anayesikia joto asogee mwenyewe. Umesema stima unayo, basi makaa ya nini? Stima ikipotea, jaza maji moto kwenye mitungi ya plastiki, ifunge kwa magunia, iweke katikati ya duara, funika sehemu ile ile tu, ulale nyumbani, na uamke kubadilisha maji yakipoa. Anza na nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza nyuzi 3 hivi kila wiki.

Usiabudu kipimajoto lakini, changu kilinidanganya. Watazame wenyewe. Wakibanana chini ya taa, wanasikia baridi. Wakikimbilia ukingoni midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wote wakiegemea upande mmoja, kuna upenyo wa upepo chini, utafute. Wakitawanyika wakila na kulialia kidogo, uko sawa. Ila wakitawanyika na kunyamaza, hawashtuki hata ukipiga makofi, fungua kila kitu na utoe kila mtu nje kabla ya kuuliza swali lolote.

Na usifikiri ukitoa jiko basi unaweza kuziba. Vifaranga wanapumua mvuke usiku kucha, nailoni baridi inaugeuza kuwa matone, matone yanaangukia maranda. Maranda yakilowa pamoja na kinyesi yanatoa amonia, na humo humo ndimo kuhara damu kunapopata nafasi. Amonia inachoma macho na njia ya pumzi, hapo ndipo mafua yanapoingia. Ukiwa umesimama unaweza usiisikie, kwa hiyo kila asubuhi piga magoti uweke pua kwenye kimo cha kifaranga. Ikikuwasha wewe kwa dakika moja, wao wanaishi humo. Toa maranda yaliyolowa, ongeza makavu, na uangalie kama kuna aliyepanda kule juu kuziba. Kwangu kuna usiku nilikuta mtu ameshachomeka gunia kwa huruma yake.

Uliuliza pia kuhusu kuongeza taa ili kuku wakubwa wasiache kutaga "winta ikiingia". Hizo ni video za Ulaya, ambako siku hufupika sana. Sisi tuko karibu na Ikweta, siku yetu ina saa 12 hivi mwaka mzima. Kuku wako akipunguza mayai Julai, angalia chakula, maana kwenye baridi anahitaji zaidi, na uangalie kama sakafu imelowa. Kuku aliyeota manyoya yake yote havunjwi na nyuzi 11 akiwa mkavu.

Na kama una mbuzi, banda lao ni hivyo hivyo: sakafu ya mbao iliyoinuka, ziba upande wa upepo, juu pabaki wazi.

Mpigie fundi sasa hivi, usingoje Jumamosi. Mwambie kijana kitanda chake kinabaki nyumbani. Washa taa za duara siku moja kabla vifaranga hawajafika, kisha uandike hapa saa kumi na moja alfajiri kipimajoto kinasoma ngapi kwenye maranda. Kisipofika 32 tutakaza duara au kuongeza taa, na nitakaa nawe hapa hadi kifike, bila kugusa ule wavu wa juu.