Bahari ya Shamu si bahari ya Syria, wala haihitaji rangi

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Shikamoo Mwalimu. Kikundi chetu kinasoma kitabu cha Kutoka. Mzee mmoja amesema Waisraeli walivuka bahari huko Syria, kwa kuwa Shamu ndiyo Syria. Kijana mmoja akadakia kwamba Biblia yetu imekosea, ilipaswa kuandika Bahari Nyekundu. Bahari ya Shamu iko wapi hasa, na jina sahihi ni lipi?"

Marahaba, mwanangu. Mzee amekosea mahali, kijana amekosea lugha. La kijana ndilo linaloniuma.

La mzee ni jepesi. Sham ya Waarabu maana yake ya asili ni upande wa kushoto: simama Hijazi, nchi ya Makka na Madina, tazama jua linakochomoza, Yemen iko kulia kwako na Sham iko kushoto. Nchi hiyo ilikuwa pana kuliko Syria ya leo. Lebanon, Jordan na Palestina zote zilihesabiwa humo. Na bahari tunayoizungumzia inafika Aqaba, ambayo imo Jordan. Kwa hiyo inaigusa Shamu.

Lakini hata isingeigusa, jina lingesimama. Mzee amedhani "ya" ni ya umiliki tu. Nenda stendi Dar es Salaam alfajiri umsikilize abiria mwenye begi kichwani: "Hili la Mbeya?" Haulizi kama basi ni mali ya watu wa Mbeya, wala hadhani amekwisha kufika Mbeya. Anauliza linakokwenda. Ukiwa Tegeta uko kwenye Barabara ya Bagamoyo, na Bagamoyo bado iko mbele. Ukiwa Mlolongo, nje ya Nairobi, uko Barabara ya Mombasa, na hakuna anayeteremka pale kutafuta minazi. Kwetu njia huitwa kwa inakoelekea. Bahari nayo, kwa baharia, ni njia. Jahazi lililong'oa nanga Lamu kwa upepo wa kusi, likapita Aden na kuingia Bab el Mandeb, mlango wa kusini wa bahari hiyo, lilikuwa limeshika njia ya kaskazini: Jeddah kwa mahujaji, na mbele yake nchi za Shamu. Bahari ya Shamu ni bahari ya kuendea Shamu, kama basi la Mbeya lilivyo la kuendea Mbeya.

Sasa nije kwa kijana. Tangu Wahouthi wa Yemen walipoanza kuzishambulia meli za mizigo mwishoni mwa 2023, masikio yangu hayajapumzika. Bahari Nyekundu asubuhi, Bahari Nyekundu jioni. Mwandishi wa habari ameletewa taarifa ya Kiingereza, ameona neno la bahari na neno la rangi, amegeuza moja baada ya jingine na kumpelekea msomaji taarifa. Hakumuuliza mtu wa pwani. Hakufungua hata Biblia iliyomo nyumbani kwake, ambayo ina jina la Bahari ya Shamu tangu tafsiri ya 1952. Kuita "Bahari Nyeusi" ile iliyo kaskazini mwa Uturuki namruhusu, kwa sababu vyombo vyetu havikuwa na safari za huko na jina letu hatuna. Kwa hii, jina tunalo. Kulitupa na kuazima rangi ni uvivu, na uvivu huu unatugharimu kumbukumbu ya safari zetu wenyewe.

Rangi yenyewe haimo hata katika Kiebrania. Kule imeandikwa Yam Suf, na suf ni matete, majani ya majini. Nyekundu ililetwa na Wagiriki waliotafsiri Torati Alexandria karne ya 3 kabla ya Kristo. Wakaweka jina lao, Erythra Thalassa, yaani bahari nyekundu. Na bahari nyekundu ya Wagiriki haikuishia Aden. Mwongozo wao wa mabaharia wa karne ya 1 unaitaja Rhapta, mji wa biashara wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, kuwa mojawapo ya bandari za bahari hiyo. Anayeng'ang'ania rangi basi akubali kwamba mvuvi wa Kilwa naye yuko Bahari Nyekundu. Waarabu leo husema al-Bahr al-Ahmar, hilo nalijua. Zamani waliiita Bahari ya Qulzum, kwa jina la mji uliokuwa karibu na Suez. Ni lao, wabadilishe watakavyo.

Neno suf ndilo lililotumika pia kwa majani alimofichwa Musa mchanga. Soma Kutoka 2:3 katika Biblia yetu: mama yake alikitwaa kisafina cha manyasi, "akakipaka sifa na lami". Sifa! Yale mafuta ya papa yanayonuka, ambayo mafundi wa majahazi huyapaka kwenye mbao ili maji yasipenye. Watafsiri waliolijua neno hilo walikuwa wamewasikiliza watu wa vyombo. Waliposema Shamu walijua wanachokisema.

Umeuliza iko wapi. Kwenye ramani ni bahari ndefu kati ya Afrika na Arabuni, yenye ghuba mbili kama pembe huko kaskazini. Maandiko huigusa pembe zote mbili: katika 1 Wafalme 9:26 Sulemani anaunda merikebu Esion-geberi, na hiyo ni Ghuba ya Aqaba, katika Kutoka 10:19 upepo wa magharibi unawakumba nzige wa Misri na kuwatupa baharini, na hapo tuko upande wa Suez. Pahali pa kuvukia wataalamu wengi hupaweka juu zaidi ya Suez, kwenye maziwa na vinamasi vilivyokuwa na matete, Ziwa Timsah na Maziwa Machungu, ambamo leo unapita mfereji uliofunguliwa 1869. Matete hutaka maji yasiyo ya chumvi, ndiyo maana wanatazama huko.

Mwambie mzee akitoe kidole Dameski akisogeze kusini-magharibi mpaka Suez. Na kijana akifika Kutoka 13:18 asome kama ilivyoandikwa: Bahari ya Shamu.