Re: Bunduki ya Duck Hunt haiui bata kwenye flat skrini

Mkuu umeuliza kwanini Duck Hunt, ile gemu ya Nintendo ya kuwinda bata kwa bunduki ya kuchezea, inawaka fresh kwenye flat skrini yako ila kila ukifyatua bata anapaa zake tu. Usikimbilie kwa fundi, hapo shida ni TV. Ile bunduki hairushi kitu chochote, yenyewe ndo inaangalia: ukivuta triga skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, halafu pale alipo bata panatokea kiboksi cheupe, jicho lililo ndani ya mtutu likikiona kwa wakati wake gemu inahesabu umelenga. Sasa Nintendo walitoa hiyo kitu 1984, enzi za TV za chogo ambazo picha inachorwa mstari kwa mstari papo hapo, flat skrini inachelewa kidogo kuipika picha na huo uchelewaji mdogo unatosha kukukosesha, halafu pia jicho lenyewe limesetiwa lishike mwanga unaopepesa wa chogo.

So tafuta chogo, hata ya inchi 14, kwa mafundi huwa zimejaa zinakula vumbi. Ila usiifungue mgongo mwenyewe, umeme unabaki mle hata ukichomoa waya.

Na hiyo pedi ya kuchezea gemu uliyosema batani A haishiki mpaka uikandamize, ni kazi ndogo: fungua skrubu, chini ya batani kuna mpira wenye doa jeusi, lifute taratibu pamoja na vinjia vyake kwenye bodi kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke. Na kaseti za gemu acheni kuzipuliza jamani, mate yanaleta kutu, tumia pamba hiyo hiyo.