Kabla ya kwenda kupiga picha, fungua sanduku la nyumbani

Mwaka juzi kikohozi kilimkamata baba kwa wiki sita. Kikohozi kikavu, cha kukera, cha kuamsha nyumba nzima saa nane za usiku. Tangawizi na asali, wapi. Nikampakia kwenye bajaji kutoka Makorora mpaka hospitali (sitaitaja, kosa lenyewe lingetokea popote), daktari akamsikiliza kifua, akamwandikia eksirei. Kwenye nafasi ya maelezo ya mgonjwa akaandika neno moja tu: kikohozi. Ile fomu niliishika mwenyewe, kutoka dirisha la malipo hadi kwenye benchi la chumba cha mionzi, na wala haikunipitia akilini kwamba imepungukiwa.

Kesho yake majibu yakatoka. Kivuli sehemu ya juu ya pafu la kulia, kama sentimita 2. Inashauriwa apigwe CT skani (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kipande kwa kipande), na picha hii ilinganishwe na za zamani kama zipo. Sisi macho yetu yaligota kwenye neno kivuli. Mpwa wangu akaingia mtandaoni, na kufika isha nyumba ilishakuwa na msiba usio na maiti. Shangazi alikuwa anauliza nani atamsindikiza baba Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar.

Yale maneno ya mwisho, ya kulinganisha na picha za zamani, hakuna aliyeyasoma mara mbili. Ndiyo ninayoyaandikia leo.

Tukisema "daktari wa eksirei" wengi tunamaanisha yule aliyetupanga mbele ya mashine akatuambia vuta pumzi, izuie, haya achia. Yule ni mtaalamu wa mionzi, radiografa. Kazi yake ni kupata picha safi kwa mionzi kidogo iwezekanavyo, na ni kazi ya ufundi kweli kweli, lakini majibu si yake. Kwa hiyo usimkabe mlangoni: "kaka, umeona nini?" Anayesoma picha ni mwingine, daktari bingwa wa radiolojia. Huyo alisomea udaktari kwanza, akarudi darasani miaka mingine kusomea picha. Mara nyingi humwoni kabisa. Siku hizi anaweza hata asiwe mji mmoja na wewe: umepigwa picha Tanga, inasafiri kwa intaneti, inasomwa kwingine.

Sasa fikiria. Hajakuona, hajakusikia ukikohoa. Alicho nacho ni picha yako na ile fomu. Na picha ya kifua ni kitu cha hila, kwa sababu kila kitu kimelala juu ya mwenzake kwenye bapa moja: mbavu, moyo, mishipa, mapafu. Tangu Wilhelm Röntgen alipoigundua mionzi hii kule Ujerumani mwaka 1895, akaupiga picha mkono wa mkewe na pete yake, kanuni ni ileile. Mfupa huizuia, unatoka mweupe. Hewa huipitisha, inatoka nyeusi. Kovu la ugonjwa wa zamani linatoka jeupe, nimonia inatoka nyeupe, na uvimbe mpya nao mweupe. Mara nyingi kinachovitofautisha ni tarehe. Kitu ambacho miaka kumi hakijaongezeka hata chembe, hicho si cha kukimbilia Dar.

Mama ndiye aliyekumbuka. "Si alipigwa picha alipoanguka na baiskeli?" Mwaka 2011, Barabara ya Ishirini, aliingia kwenye shimo akaumia mbavu, akapelekwa hospitali ya Bombo. Tukafungua sanduku lake la mninga. Chini ya kanga za harusi na hati ya kiwanja tukaikuta ile bahasha ya kaki, na filamu ndani yake imekatwa pembe kwa mkasi. Wajukuu waliikata tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa, wakachungulie nayo. (Msifanye hivyo jamani. Filamu ya eksirei inapunguza mwanga tu, inaacha yanayounguza jicho yapite.) Bahati njema, pembe waliyoikata ilikuwa ya chini.

Nikaomba tuonane na daktari aliyesoma picha. Nilidhani watanifukuza, lakini hawakunifukuza. Nilimwambia mpokezi kwamba nina picha ya zamani, na hilo lilitosha. Alikuwa binti mdogo kuliko nilivyotarajia. Alimwamkia baba, akaichomeka filamu kwenye sanduku la taa, na picha mpya akaiweka kwenye kioo cha kompyuta pembeni. Akawa anahesabu mbavu kwa kifuniko cha kalamu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, kushoto kwenye filamu, kulia kwenye kompyuta. Akatulia. Akapima.

"Babu, uliwahi kuugua kifua kikuu?"

"Niliugua, mwanangu. Enzi za mkonge, huyu hajazaliwa. Nilichomwa sindano mpaka kukaa nikawa siwezi."

Nilimgeukia. Miaka 43 mimi mwanawe, sijalisikia hilo. "Baba, mbona hukusema?"

"Nani kaniuliza?"

Kivuli kilikuwepo mwaka 2011, mahali palepale, kipimo kilekile. Kilikuwa kovu. Mwaka ule walikuwa wanatafuta mbavu iliyovunjika, na baba alipoambiwa hakuna, akachukua bahasha yake akaondoka. Binti akaandika ripoti upya, CT ikafutwa. Ila alisisitiza jambo moja, na alikuwa sahihi: aliyewahi kuugua kifua kikuu akikohoa wiki sita, makohozi yapimwe, kwa kuwa ugonjwa huo huweza kurudi. Yakapimwa, yakawa salama.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwangu huu unaizidi mingine yote, ni kwamba ukipewa fomu ya kipimo uisome kabla hujaondoka mbele ya daktari. Kama imeandikwa neno moja, omba kwa adabu aongeze: umri, dalili imeanza lini, ulishaugua nini, ulishapasuliwa wapi. Mzee wako mhoji nyumbani usiku wa kuamkia, tena taratibu, kwa sababu wazee wa kwetu hawaoni maradhi ya zamani kama habari. Na beba picha zote za nyuma pamoja na ripoti zake. Ukipewa sidii, itunze kama cheti cha kuzaliwa. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu mbele ya dirisha haitoshi, weupe hafifu unapotea wote.

Ripoti zetu huandikwa Kiingereza, tena cha kidaktari. Usiichambue peke yako saa nne za usiku. Nenda chini kabisa kwenye hitimisho, halafu mrudie daktari aliyekutuma akufafanulie. Kivuli ni kivuli, bado hakijapewa jina.

Matayarisho nayo. Shangazi huyuhuyu wa Ocean Road aliandikiwa ultrasaundi ya tumbo la juu, akaambiwa asile chochote tangu usiku. Asubuhi akaona chai ya maziwa na vitumbua viwili havihesabiki. Alirudishwa, akanuna siku nzima. Sababu yenyewe ni nyepesi: mafuta yakifika tumboni, kifuko cha nyongo hujikamua, kinakuwa kama puto lililotoka hewa, na vijiwe vilivyomo huonekana kwa shida. Kwa nyonga ni kinyume chake, unaambiwa unywe maji na usijisaidie, maana kibofu kilichojaa husukuma utumbo pembeni na kuwa kama dirisha. Utumbo una hewa, na mawimbi ya sauti hayapenyi hewa. Ndiyo maana hata ile jeli ya baridi wanakupaka.

Kuhusu hofu ya mionzi: ultrasaundi (ya mawimbi ya sauti) na MRI (ya sumaku) hazitumii mionzi ya eksirei kabisa. Mjamzito asiogope ultrasaundi, Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri apate angalau moja kabla ya wiki ya 24. Eksirei moja ya kifua ni kama milisivati 0.1 (ndicho kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), sawa na wiki moja na nusu au mbili za mionzi ya asili tunayoipata ardhini na angani tukiwa tumekaa tu barazani. CT ya kifua ni habari nyingine, inaweza kufika sawa na ya miaka miwili na zaidi. Ukiihitaji, piga bila woga. Kuidai tu kwa sababu bima inalipa, hapo mimi siafiki. Na mwanamke anayehisi huenda ana mimba aseme kabla ya mashine kuwashwa, hata kama mama mkwe yuko naye. Omba kusema faragha, watakusikiliza.

Ukichomwa dawa ya kung'arisha picha kwenye CT, taja figo, mzio na vidonge vya sukari. Kwenye MRI taja chuma chochote kilichomo mwilini.

Na kikohozi cha baba? Ripoti iliporudi kwa daktari wa kwanza ikisema mapafu hayana jipya, ndipo akauliza anameza dawa gani. Baba akatoa mfukoni kaptopril ya presha, aliyoanza miezi miwili nyuma. Dawa za jamii hiyo huwakohoza baadhi ya watu, kikohozi kikavu hivyohivyo. Akabadilishiwa. Wiki ya tatu tukalala.

Bahasha imerudi sandukuni, sasa zimo picha mbili. Baba ameandika juu yake kwa kalamu ya wino, herufi kubwa: KIFUA CHANGU. SI YA KUTAZAMIA JUA.