Kwa wanaoanza kusoma madaftari ya safari (logbook) ya manowari za zamani za Marekani

Anza na tarehe. Hapo ndipo wengi huteleza, na ukikosea tarehe kila utakachoandika baadaye kitakwenda kombo. Hadi 1848, jeshi la majini la Marekani lilihesabu siku ya baharini kuanzia adhuhuri: jua likifika utosini, tarehe mpya imeingia, muda wa saa 12 kabla ya nchi kavu. Ndiyo maana ukurasa mmoja hutanguliza PM (adhuhuri hadi usiku wa manane), kisha AM (usiku wa manane hadi adhuhuri). Manowari ya Marekani Constitution iliishinda Guerriere ya Uingereza jioni ya 19 Agosti 1812. Kwa hesabu ya baharini, jioni hiyo ni ya tarehe 20. Sisi tunaosema "usiku wa kuamkia Ijumaa" hatupaswi kuona ajabu.

Kwa hiyo, kabla ya kunakili, tazama ni nusu ipi iliyotangulia. Ikiwa ni PM, punguza siku moja kwenye maandishi ya PM tu. Ya AM yaache yalivyo. Andika tarehe zote mbili kwenye daftari lako, ya baharini na ya kawaida, la sivyo wiki ijayo utapunguza tena siku uliyokwisha kuipunguza. Kuwa mwangalifu zaidi siku ya kutia nanga na ya kung'oa, kwa kuwa bandarini hesabu huweza kurudi kwenye siku ya kawaida.

Safu nyembamba za kushoto zimeandikwa H, K, F: saa, noti (kipimo cha mwendo wa meli) na pima (sehemu za noti). Ili kupima mwendo, baharia alitupa kibao majini, kamba yenye mafundo ikamtoka mkononi, mwenzake akitazama saa ya mchanga. Noti moja iligawanywa pima 8 au 10. Pitia safu ya F kurasa kadhaa. Ukikuta 8 au 9, mgawanyo ni wa 10. Usijumlishe mwendo wa siku kabla ya kujua hilo. Safu ya upepo huonyesha unakotoka, kama kaskazi yetu. Safu ya mwelekeo huonyesha meli inakokwenda. Wanaoanza huzichanganya sana.

Jina la meli pekee halitoshi. Lexington, meli ya kubeba ndege yenye namba ya utambulisho CV-2, ilizama 8 Mei 1942, na CV-16 ikapewa jina hilo hilo ikiwa bado inaundwa. Namba hizi zilianza 1920. Kwa meli za kabla ya hapo, andika mwaka wa kushushwa majini. Constellation ya 1797 na ile ya 1854 zilichanganywa kwa miongo mingi, hata na watu waliozipenda kwa dhati.

Na ukisoma "mizinga 44", hicho ni cheo cha meli, si idadi kamili ya mizinga yake. Constitution ya 1812 ilibeba zaidi ya 50. Tafuta pia uzito wa risasi: mizinga yake mirefu ilirusha ratili 24, ya Guerriere ratili 18.