Barua kwa mwanangu: yule mama wa meza ya wazazi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza huyu mama niliyemwandika meza ya wazazi kwenye sendofu yako ni ndugu yetu wa upande gani, na kwa nini tangu utotoni kila akikuona lazima akushike wayo. Mama yako akianza kuyasimulia haya hulia, kwa hiyo naandika mimi.

Si ndugu wa damu. Alikuwa sista wa zamu ya usiku kwenye wodi ya watoto njiti.

Ulizaliwa wiki ya 30, gramu 1,200. Mama yako alishikwa na kifafa cha mimba, akafanyiwa upasuaji usiku uleule, na siku tano za kwanza hakuweza hata kushuka kitandani. Mimi nilikuwa natoka Mbagala na daladala ya kwanza, chupa ya chai mkononi. Mashine za joto zilikuwa chache, mmelazwa wawili wawili. Ukapungua hadi gramu 1,090. Jamaa mmoja alinishauri nisikupe jina kwanza.

Usiku wa tatu umeme ukakatika, jenereta ikachelewa. Sista akakugusa miguu, akakuta ya baridi. Akaniita kutoka kwenye korido: "Baba, nawa mikono, vua shati." Nikasita, mle ndani walikuwa kina mama peke yao. Akasema, "Aibu utaiona kesho. Huyu anapoa." Akakulaza kifuani kwangu, una nepi na kofia tu, akatufunga pamoja kwa khanga aliyokuwa amejitanda yeye mwenyewe. Uzito wako sikuusikia. Niliusikia moyo wako, unakwenda mbio.

Wanaita kangaruu. Alinieleza kwamba ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipozidiwa na watoto na mashine hazitoshi. Nilipojua kuna baba na mama wengine walishakaa hivi na watoto wao wakapona, mikono iliacha kutetemeka.

Akanionya pia kwamba njiti husahau kupumua, maana ubongo haujakomaa. Nisisinzie. Karibu na alfajiri nikaona midomo yako inageuka rangi, kifua kimetulia. Nilipiga kelele mpaka wodi nzima ikaamka. Alifika mbio, akakusugua wayo kwa kidole gumba. Kimya. Akasugua tena. Ukavuta pumzi, ukalia kama kitoto cha paka. Mwanangu, sijawahi kusikia sauti nzuri kuliko ile.

Baada ya hapo alinifundisha kila kitu: kushika mpira wa puani wa kukulishia, kupima maziwa aliyokamua mama yako, kila baada ya saa tatu, mililita chache chache. Mama yako alipopata nguvu akawa anakulaza kifuani kwake, mimi nikabaki na zamu ya mchana.

Tulitoka siku ya 39, una gramu 1,850. Nilimpa bahasha, akaikataa. "Kamnunulie soksi." Khanga yake nayo hakuidai. Ndiyo ile nyekundu iliyochakaa, iko chini kabisa ya sanduku la mama yako, usiiguse.

Kadi yake usimtumie mtu, ipeleke mwenyewe. Na siku ya sherehe akiinama kukushika mguu mbele ya wageni, vua kiatu.

Baba yako