Magunia mawili yamebaki, na jirani ameomba unga

Dada wa Kilolo, umeuliza kama ni dhambi kumnyima unga jirani yako mjane, wakati kwako yamebaki magunia mawili na una watoto watatu. Pole sana. Februari huku kwetu nyanda za juu ni mwezi mgumu: ghala limepungua, na mahindi shambani ndiyo kwanza yanatoa mbelewele.

Tenga kwanza ya watoto. Paulo mwenyewe, katika 2 Wakorintho 8, hataki wengine wapate nafuu nanyi mtaabike. Lakini sura hiyohiyo inawasifu Wamakedonia waliotoa wakiwa maskini hohehahe, kwa hiyo usijifiche nyuma ya hesabu. Mpe sado moja kila Jumamosi mpaka mahindi mabichi yatoke, siyo debe zima kwa mkupuo. Peleka mwenyewe jioni, umefunika kwa kanga, asiaibike. Na nakusihi, usimdai palizi kama malipo. Mwenye njaa hana nguvu ya kukataa. Majani ya maboga yakiwapo, ongeza.

Kisha mwone mzee wa kanisa faraghani, jina la mama huyo lisitajwe ibadani, ili nyumba nyingine mbili tatu zishike zamu nawe.