Jibu la msomaji: Mimi ningehifadhi rivolva ya .357

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lililopita mlituuliza wasomaji: ukipewa nafasi ya kuhifadhi kitu kimoja tu kilichotoka kiwandani karne ya 20, utachagua kipi na kwa nini? Najua wengi watataja Land Rover au cherehani ya Singer. Mimi ni fundi mkerezaji hapa Mwanjelwa, Mbeya, kutwa niko na chuma, na jibu langu ni rivolva: .357 Magnum (namba hiyo ni kipenyo cha risasi kwa inchi) ya Smith & Wesson, iliyotoka Springfield, Massachusetts, mwaka 1935, na ambayo tangu 1957 inaitwa Model 27.

Huku Nyanda za Juu Kusini jina la magnum, yaani risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida, limezoeleka kwa bunduki za porini. Aliyefanya kazi upande wa Ruaha au Rungwa atakutajia .375 ya Holland & Holland, ya mwaka 1912, au .458 ya Winchester, ya 1956. Kwa rivolva, jina hilo lilianza na hii ninayoisema. Polisi wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930 walikuwa wanapambana na majambazi waliokimbia kwa magari yenye bodi za chuma, na risasi zao za .38 hazikuwa zinapenya vizuri. Kiwanda kikachukua ganda la .38 Special, risasi ya kawaida ya rivolva za wakati ule, kikaongeza nguvu ya baruti, na ganda lenyewe kikalirefusha kwa karibu milimita 3.

Hizo milimita 3 ndizo zinazonifurahisha kuliko nguvu yote. Ganda lilirefushwa ili risasi mpya isiweze kuingia kwenye rivolva za zamani ambazo zisingeihimili. Lakini .38 ya kawaida, ambayo licha ya jina lake ina kipenyo kile kile, inaingia kwenye .357 na kupigwa bila shida. Yaani usalama umewekwa kwenye kipimo chenyewe. Asiyejua kusoma naye analindwa. Aliyewaza hivyo namvulia kofia.

Miaka ya mwanzo kila moja ilitengenezwa kwa oda. Marekani ilikuwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi na bei ilikuwa dola 60, fedha nyingi kwa wakati ule, lakini watu waliagiza kuliko kiwanda kilivyotarajia. Mnunuzi alichagua urefu wa mtutu, kuanzia inchi 3.5 hadi 8.75, akachagua alama za kulengea na mpini, kisha silaha yake ikasajiliwa kwa namba. Ya kwanza alipewa J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI. Jenerali Patton wa jeshi la Marekani naye alikuwa na yake, ya mtutu mfupi, yenye mpini wa pembe za ndovu.

Mimi niliishika Mufindi, kwa mzee mmoja mwindaji aliyekuwa anaimiliki kwa leseni. Kabla ya kunipa, aliifungua silinda, lile pipa dogo linalozunguka na kushika risasi, akatoa risasi zote sita akaziweka mezani, akapitisha kidole kwenye kila tundu, ndipo akanikabidhi. Ilikuwa nzito, zaidi ya kilo moja. Juu ya fremu, kuanzia nyuma hadi mbele ya mtutu, palikuwa na mistari myembamba iliyokatwa kwa kukingamana, mamia ya vijipembe vidogo vyenye ncha, na hakuna kimoja kilichopinda. Kazi yake ni kuua mng'ao wa jua ili mlengaji asipofuke macho. Nikasogeza kidole hapo, nikasikia makali kidogo, halafu nikateremka ubavuni ambako chuma kilikuwa laini kama kioo. Ninayeshinda kwenye mashine ya kukerezea najua kazi hiyo inavyokula muda wa mtu. Uso kama ule haupatikani kwa haraka. Kasoro yoyote iliyobaki kabla ya kupaka rangi huonekana zaidi baada ya rangi.

Na ile buluu iliyokolea si rangi ya kupaka hasa. Ni chuma chenyewe kilichogeuzwa ngozi ya juu kwa dawa na joto, kutu iliyodhibitiwa tuseme, na inalinda pale tu inapopata mafuta. Kwa ukungu wa Mufindi hilo si jambo dogo. Mzee alikuwa haiachi hata siku moja ndani ya mkoba wa ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kuutunza ubavuni mwa chuma. Aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta, akaifungia kwenye sanduku la chuma, na mkoba ukabaki mtupu ukutani.

Halafu kuna mwendo wa ndani. Ukivuta kifyatulio, kipande kidogo cha chuma kinasukuma silinda izunguke sehemu moja ya sita, kufuli la chini linadumbukia kwenye kishimo chake, ndipo nyundo inaachiwa. Yote hayo kwa mvuto mmoja. Tundu la silinda lisipokaa sawasawa na mtutu, risasi hukwanguliwa ubavu. Kati ya silinda na mtutu kuna nafasi ya unene wa karatasi moja au mbili, isizidi hapo.

Najua wapenzi wa Colt Python, rivolva nyingine ya .357 ya mwaka 1955, watanipinga. Python ni nzuri, na kifyatulio chake ni laini zaidi, nakubali. Lakini mfumo wa Python za zamani huikaza silinda kwa nguvu kila unapofyatua, vipande vinalika, na kuurudisha mpangilio wake kunahitaji mtu anayeijua hasa. Ile .44 Magnum ya mwaka huo huo, iliyopata sifa kwa sababu ya filamu, kwangu ni kishindo kingi mno mkononi. Ya .357 imekaa pale ambapo nguvu na mkono wa binadamu vinapatana.

Ombi langu kwa wachache wanaozimiliki kihalali: buluu ikichakaa, msikubali fundi yeyote awashawishi kuisugua na kuipaka kromu. Msasa wa mashine utaondoa ile mistari ya juu, na hapa kwetu simjui fundi wa kuirudisha, nikiwemo mimi.

Msomaji wenu,
Mwanjelwa, Mbeya